Kutunga chemshabongo ya maneno

Shika penseli na ufutio. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, machache kama MAALUM yakijitenga, kwa hiyo herufi ya mwisho ndiyo inayombana mtunzi. Anzia katikati: KITABU kilale, BAHARI iteremke kutoka kwenye B. CH na SH amua mapema kama zinachukua visanduku viwili, usibadilike njiani.

Kidokezo kikiwa cha wingi, jibu liwe la wingi. Vitamu zaidi ni vidokezo vyenye sura mbili: “Hutembea upande ufukweni, huwaka jikoni (herufi 3)”. Jibu ni KAA. Vya kamusi tupu huchosha haraka.

Kabla ya kuusambaza mraba, mpe jirani aujaze bila kumsaidia. Anapokwama kabisa, andika upya kidokezo hicho.