Somo la Fasihi: Scrooge, Bahili Aliyejua Hesabu

Leo tunasoma hadithi ya Mwingereza Charles Dickens. Kwa Kiingereza inaitwa A Christmas Carol, yaani Wimbo wa Krismasi. Ilitoka London tarehe 19 Desemba, 1843, na nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya sikukuu yenyewe. Si kitabu kikubwa. Hata msomaji wa taratibu anakimaliza kwa jioni chache.

Mhusika mkuu ni mzee Ebenezer Scrooge, mfanyabiashara wa mjini London. Mwenzake wa kazi, Jacob Marley, alikwisha kufa miaka 7 nyuma. Scrooge hana mke, hana mtoto, hana rafiki. Fedha anazo.

Jambo moja tulitilie maanani tangu mwanzo. Scrooge alijua kusoma, kuandika na kuhesabu, tena sana. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba alikuwa bahili kwa sababu hakusoma. Hebu tuzifuate hesabu zake wenyewe.

Karani wake, Bob Cratchit, alilipwa shilingi 15 kwa juma. Nyumbani ana mke na watoto sita, jumla watu wanane. Shilingi ya Kiingereza ya siku zile ilikuwa na peni 12, basi shilingi 15 ni peni 180. Gawa kwa siku 7, kisha gawa kwa watu 8. Utapata peni 3 na kidogo kwa mtu mmoja kwa siku. Humo humo mna chakula, kodi ya nyumba, makaa ya kuota moto, nguo na dawa. Hata tukimtoa binti mkubwa, Martha, ambaye amekwisha kwenda kujifunza kazi ya kushona kofia, haifiki peni 4. Na mtoto mmoja, Tim, ni mgonjwa, anatembea kwa mkongojo.

Krismasi ilipofika, Scrooge alinung'unika kumpa Bob siku moja ya mapumziko. Eti atalipa shilingi 2 na nusu bila kufanyiwa kazi! Gawa 15 kwa siku 6 za kazi, utaona ni 2 na nusu kweli. Mzee hakukosea hata peni.

Jioni ile mabwana wawili walimjia wakichangisha fedha za maskini. Akawauliza, kwani magereza yamefungwa? Nyumba za kazi hazipo? Hapa inafaa tueleze. Sheria ya mwaka 1834 ya Uingereza ilikusudia kwamba maskini anayetaka msaada aingie katika nyumba ya kazi. Humo mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi. Mabwana wale wakamjibu kwamba wengi wangeona heri kufa kuliko kuingia humo. Scrooge akasema basi na wafe, watu wamezidi mno. Neno hilo tulishike, maana litamrudia.

Dickens hakuyaokota mambo haya barabarani. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka 12, baba yake alifungwa katika gereza la Marshalsea kwa ajili ya madeni. Yeye mtoto akapelekwa kiwandani kubandika karatasi kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Basi Scrooge anapouliza habari za magereza, anayemwandikia swali hilo ni mtu ambaye baba yake alilala humo.

Usiku ule mzuka wa Marley ukamtokea Scrooge. Umefungwa mnyororo wa visanduku vya fedha, funguo, kufuli na madaftari ya hesabu, navyo vyote ni vya chuma. Marley akasema mnyororo ule aliufua mwenyewe alipokuwa hai. Halafu wakaja mizuka watatu: wa Krismasi zilizopita, wa Krismasi ya mwaka ule, na wa Krismasi zijazo.

Sasa tufike kwenye swali la somo letu. Scrooge alibadilika kwa sababu gani? Wengi hujibu haraka: aliona kaburi lake akaogopa. Sisi hatukubali. Tazameni mpangilio wa hadithi, maana kaburi linakuja mwisho kabisa.

Mzuka wa kwanza ulimpeleka shuleni alikosoma. Wenzake wote wamekwenda nyumbani kwa sikukuu, yeye yuko peke yake, anasoma kitabu karibu na moto hafifu. Dirishani akatokea Ali Baba, yule yule wa Alfu Lela Ulela, maana mtoto yule hakuwa na mwenzi mwingine ila watu wa vitabuni. Mzee Scrooge akalia. Akakumbuka kijana aliyekuja kuimba mlangoni kwake usiku ule naye akamfukuza, akatamani angalimpa chochote. Mnaona? Hajatishwa na mtu. Amemwona mtoto aliye peke yake, akamkumbuka mwingine.

Kisha akamwona Fezziwig, bwana wake wa zamani, akiwafanyia wafanyakazi karamu na ngoma. Gharama yake ilikuwa paundi chache tu. Mzuka ukajifanya kushangaa: kwa fedha kidogo hivyo asifiwe? Scrooge akaja juu. Akasema bwana ana uwezo wa kuifanya kazi iwe nyepesi au mzigo, na furaha ile haipimwi kwa fedha. Alipokwisha kusema akanyamaza, akatamani kuzungumza maneno mawili na karani wake. Kumbe hesabu nyingine anaijua!

Kwa mzuka wa pili aliiona nyumba ya Bob, akauliza kama Tim ataishi. Jibu likawa kwamba mambo yasipobadilika, mtoto atakufa. Halafu mzuka ukamrudishia neno lake lile lile, kwamba na afe, watu wamezidi. Scrooge akainamisha kichwa. Kabla ya kuondoka, mzuka ukafunua vazi lake, wakaonekana watoto wawili waliokonda, wa kiume na wa kike. Wa kiume ni Ujinga, wa kike ni Ufukara. Scrooge akaambiwa ajihadhari na wote wawili, lakini zaidi na yule wa kiume. Sisi tuliozoea kuhesabu maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi, tunawatambua mara moja. Tarehe 5 Oktoba, 1843, Dickens alikuwa amehutubia mjini Manchester, katika taasisi ya Athenaeum iliyokuwa na maktaba na mihadhara ya watu wazima, akitetea elimu ya watu wa kazi. Hadithi hii aliianza mwezi huo huo.

Mzuka wa tatu haukusema neno. Ulimwonyesha watu wakiuza vitu vya marehemu mmoja: shuka, mapazia ya kitanda, hata shati aliyokuwa azikwe nayo, na huku wanacheka. Scrooge akaomba aonyeshwe mtu yeyote aliyeguswa na kifo kile. Akaonyeshwa mume na mke waliokuwa na deni, wamepata nafuu kwa kuwa mdai wao amekufa. Akaomba kuona huzuni ya kweli, akapelekwa kwa Bob, ambako Tim amekufa na mama anashona huku macho yanamwuma. Ndipo likaja kaburi lenye jina la Scrooge. Hofu ilimaliza kazi iliyokwisha kuanzwa na huruma.

Asubuhi akaamka mzima. Akapeleka bata mzinga mkubwa kwa akina Bob, akaenda kula kwa mpwa wake Fred aliyekuwa akimdharau. Haya ni mazuri, lakini ya siku moja. Kwetu sisi dalili kubwa ni mbili. Alipokutana na mmoja wa mabwana wale wa mchango, alitaja kiasi kikubwa, akasema humo mna malimbikizo ya zamani. Yaani aliihesabu kuwa deni, si sadaka. Na kesho yake alimwongezea Bob mshahara. Tim hakufa.

Hata hivyo tuna neno na Dickens. Nyumba za kazi zilibaki pale pale. Bob naye alipona kwa kuwa tajiri wake alibadilika moyo, na karani wa ofisi ya jirani je? Kitabu hakimtaji.

Tena Dickens hakusema mshahara mpya wa Bob ulikuwa shilingi ngapi. Kitabu chenyewe kiliuzwa shilingi 5, theluthi moja ya mshahara wake wa zamani wa juma. Kikundi chenu kikikutana, chukueni kalamu mpige hesabu hiyo: watu wanane, makaa ya majira ya baridi, dawa ya Tim, na labda kitabu kimoja kwa mwaka. Scrooge alipaswa kuandika shilingi ngapi katika daftari lake?