NAMBA YA SIRI NI KADENA YAKO
Somo juu ya kulinda karte ya banki



Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu na miwani. Leo tunasema juu ya ajali isiyotoa damu. Mtu anatoka kazini mzima, mikono miwili, macho mawili. Anafika mbele ya mashine ya banki, na mashine inamwonyesha ya kwamba mshahara wa mwezi wote umekwisha kutoka. Nani aliutoa? Hajui. Lakini nyumbani bibi anangoja feza ya unga, na watoto wanangoja feza ya masomo. Ajali hii inaangusha jamaa nzima.

Unajua vema ya kwamba ajali haiji bure. Kila ajali ina sababu, na mwenye kujua sababu anaweza kuizuia. Basi tutazame sababu.

TUIJUE KARTE YENYEWE

Twaa karte yako, uitazame nyuma. Utaona mstari mweusi. Mstari huu unashika maandiko kama utepe wa kaseti unavyoshika wimbo. Na kama vile mtu anavyoweza kunakili kaseti, vivyo hivyo mwivi mwenye chombo chake anaweza kunakili mstari huu juu ya karte nyingine, kwa dakika moja tu.

Sasa geuza karte. Mbele utaona kipande kidogo chenye rangi ya zahabu. Mfaransa Roland Moreno aliandikisha maarifa juu ya kipande cha namna hii mwaka 1974. Kipande hiki kina akili kupita mstari mweusi: kila mara unapolipa, kinatoa alama mpya inayofaa mara moja tu. Mwivi akishika alama ya leo, kesho haitamfaa. Lakini karte nyingi zingali na vyote viwili, kipande na mstari. Kwa hiyo hatari haijakwisha.

Tazama tena maandiko: namba ndefu ya karte, tarehe ya mwisho wake, na tarakimu tatu zilizo nyuma. Kwa kununua vitu katika intaneti, mara nyingine hayo matatu yanatosha, bila namba ya siri. Kwa hiyo usipige karte yako picha, wala usiitume kwa mtu katika telefone.

UFUNGUO UNAKAA KATIKA MFUKO WAKO

Wewe unayetengeneza mashine, unafanya nini mbele ya kuingiza mkono? Unakata umeme, unafunga kwa kadena yako, na ufunguo unaubeba wewe mwenyewe. Humwachii kapita, humwachii rafiki, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Si kwa kuwadharau. Ni kwa sababu maisha yako yako nyuma ya kadena ile.

Namba ya siri ni kadena ya namna hiyo. Mwivi mbele ya mashine ya banki anahitaji vitu viwili: karte na namba. Karte anaweza kuiiba au kuinakili. Lakini namba iko katika kichwa chako, na mara nyingi ni sisi wenyewe tunaompa.

Fanya hesabu. Toka 0000 mpaka 9999 kuna namba 10 000. Kwa desturi, mtu akikosa mara tatu karte inafungwa. Mwivi mwenye kubahatisha ana nafasi 3 katika 10 000: ni kama kutafuta jiwe moja katika lori. Lakini kama ulichagua mwaka wako wa kuzaliwa, yeye anausoma katika karte yako ya mchaguzi iliyo ndani ya mkoba uleule aliouiba! Na 1234 au 0000, ndizo anazozijaribu kwanza.

NJIA NNE ZA WEVI

1. Msaidizi asiyeitwa. Mwivi anaweka kitu katika tundu la mashine, karte yako inakwama. Mara anatokea bwana mwenye maneno matamu: « Pole ndugu, andika namba tena, itatoka. » Unaandika, yeye anatazama. Unakwenda kulalamika, yeye anaitoa karte na kukimbilia mashine nyingine. Au anajidai kukusaidia, kisha anakurudishia karte isiyo yako.

2. Mashine iliyovikwa nguo. Juu ya tundu wevi wanabandika tundu jingine linalosoma mstari mweusi, na karibu yake wanaficha kamera ndogo ya kutazama vidole vyako. Feza inatoka kama kawaida, hushuku neno. Siku nyingine ndipo mshahara unapotea.

3. Sauti ya telefone. « Mimi ni wa banki. Karte yako itafungwa leo. Unipe namba ya siri, au ile namba iliyofika sasa hivi katika mesaji. » Anakuharakisha ili usipate kufikiri. Ujue hili: banki ya kweli haikuulizi namba yako ya siri, hata mara moja. Wenye kuweka feza katika telefone, mambo ni yaleyale.

4. Mkopeshaji wa mtaani. Hapa hakuna chombo, hakuna kamera. Mtu ana mgonjwa nyumbani, anakopa, na anaacha karte pamoja na namba kama rehani. Siku ya mshahara mkopeshaji ndiye wa kwanza mbele ya mashine. Anakata deni, anakata faida, anakurudishia kinachobaki, kama kimebaki. Mwezi unaofuata unakopa tena kwake ili kula. Na ukienda kulia banki, watakuuliza: nani alimpa namba? Shida ni ya kweli, hatukuchekei. Lakini kopa kwa maandiko, mbele ya shahidi, na karte ibaki kwako.

SHERIA ZA KUFUATA

– Weka namba kichwani. Usiiandike juu ya karte, wala katika karatasi ya mkoba.
– Unapoiandika katika mashine, funika mkono mmoja kwa mkono mwingine, kila siku, hata kama uko peke yako. Kamera haionekani.
– Mbele ya kuingiza karte, shika tundu na ulivute kidogo. Likicheza, ondoka.
– Chagua mashine iliyo ndani ya banki au penye mlinzi, na mchana.
– Katika duka, karte isipotee machoni pako.
– Ukitaka bibi yako aweze kutoa feza, uliza banki namna ya kumpa ruhusa kwa maandiko.
– Tunza karatasi za mashine, na kila mwezi uzilinganishe na hesabu ya banki.

KAMA AJALI IMEKWISHA KUFIKA

Usingoje kesho, wala usione haya. Piga telefone kwa banki papo hapo, waifunge karte. Namba ya kuita imeandikwa nyuma ya karte. Lakini karte ikiibiwa, namba nayo imekwenda! Kwa hiyo iandike leo katika telefone yako na katika karatasi nyumbani. Kama mashine imemeza karte, usiondoke mbele yake: ita banki ukiwa hapo hapo, na usikubali msaada wa mpita njia. Kisha enda banki, andika malalamiko, uombe nakala yenye muhuri, na uwaarifu polisi. Kila saa unayokawia ni saa ya kazi kwa mwivi.

MAULIZO YA KUJIFUNZA JIONI HII

1. Je, namba yako ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, wako au wa mtoto? Kama ndiyo, ibadilishe.
2. Nani mwingine anaijua?
3. Namba ya telefone ya banki yako iko wapi, mbali na karte?

Soma ukurasa huu pamoja na bibi na watoto wakubwa, kwa maana sauti ya telefone inaweza kuwafikia wao pia. Ulifanya kazi mwezi mzima kwa kuupata mshahara huu. Usimpe mwingine ufunguo wa kadena yako.