Gavana Haishiki Breki

Huku Kericho na Bomet magavana ni wa aina mbili. Mmoja huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mwingine hufungwa chini ya dashibodi, na huyo ndiye madereva hulaani kutwa nzima.

Gavana huyo, yaani kidhibiti mwendo, si mgeni. Kanuni za waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyataka matatu, mabasi na magari ya biashara yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,048 yakiwa matupu yasipite kilomita 80 kwa saa. Kilichobadilika ni akili ya kifaa. Cha zamani kilikata mwendo, basi. Cha sasa, cha kiwango cha KS 2295, hurekodi mwendo na kuutuma kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Lori linalozoa majani chai vituoni linahusika. Probox yako ya nyumbani haihusiki, mradi usipakie watu wa nauli.

Lalamiko ninalolisikia zaidi ni la kupita gari jingine. Juzi nilikaa mbele kwenye matatu ya viti 14 kutoka Litein. Trela lilikuwa mbele yetu kwa 60 hivi, na dereva akakanyaga mafuta hadi mwisho. Gavana ikakata katikati ya kupita, gari likakohoa, na mama aliyekuwa nyuma yangu akamwita Mungu. "Umeona? Hii kitu itatuua," dereva akaniambia.

Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu. Ukiwa kwa 80 na trela kwa 60, unalizidi mita tano na nusu tu kila sekunde. Kulimaliza lote na kuacha nafasi ya kurudi upande wako, unahitaji kulizidi kama mita 60, yaani sekunde 11. Kwa muda huo wewe umekwenda mita 240, na anayekuja kwa 80 naye 240. Lazima uone karibu nusu kilomita ya barabara tupu. Kati ya Litein na Kaplong sehemu kama hizo si nyingi, na asubuhi ya ukungu hazipo kabisa. Dereva yule alikosea hesabu kabla gavana haijamkata.

Wasiwasi wangu mimi uko kwenye mteremko. Gavana hukaba mafuta, lakini haina mguu wa kukanyaga breki. Lori lenye mzigo likianza kushuka, uzito wenyewe hulisukuma, na mshale unaweza kupita 80 huku gavana ikiwa nzima na sili yake haijaguswa. Kwa hiyo gia ichaguliwe kabla ya kushuka: ile ambayo ungepandia mlima huohuo, au ya chini yake. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea. Wenyeji hawajasahau Juni 30, 2023, pale Londiani Junction, lori lilipopoteza mwelekeo likaparamia magari, wachuuzi na waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50.

Kuhusu kufuatiliwa na kifaa hicho kinachorekodi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa ni data zako zipi zinazochukuliwa na kwa kazi gani, kuziona, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Mwajiri akikukata mshahara akisema kifaa kilionyesha 95, mwombe rekodi hiyo kwa maandishi, yenye saa na mahali. Akikataa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wanaosubiri magari mapya wana hofu nyingine. Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo unaojua kiwango cha mwendo kwa kamera au ramani, kisha humwonya dereva. Halikunyang'anyi usukani: unaweza kuuzidi nguvu mfumo huo kwa kukanyaga mafuta, au kuuzima, ingawa huamka tena ukiwasha gari. Huku kwetu kamera haitasoma bango lililofunikwa na matawi, kwa hiyo ile 50 ya mjini bado ni ya kukumbuka mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la gereji. Mara nyingi waya wa gavana hutoka kwenye gia boksi. Fundi akiishusha, simama hapo akiurudisha, kisha lijaribu gari barabarani kabla ya kumlipa. Sili ikikutwa imekatwa, polisi hawatamtafuta fundi.