Vipuri Vilivyobaki na Jinsi ya Kuvitambua

Aliyeniuzia pikapu yangu ya Land Rover, ile ya Series IIA yenye inchi 109 baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ambayo kiwanda cha Solihull nchini Uingereza kilikuwa kikiiunda kati ya mwaka 1961 na 1971, alinikabidhi pia debe lililojaa vitu vidogo vidogo: washa, springi, gololi, pini, vipande vya shaba na boliti za kila namna, vyote vimechanganyika na mchanga na grisi iliyokauka. Gari lilikuwa limetumika miaka mingi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, likafumuliwa na fundi mmoja baada ya mwingine, na kila fundi aliondoka na siri yake.

Desturi iliyoenea katika gereji zetu ni kukiita cha ziada kipuri chochote kilichobaki baada ya gari kufungwa, kikatupwa chini ya benchi na kusahauliwa. Siiafiki desturi hiyo hata kidogo. Kiwanda hutengeneza magari kwa maelfu na huhesabu gharama ya kila kitu, basi hakiwezi kutia katika gari hata washa moja isiyo na kazi. Na maadamu washa ile ilitiwa kwa sababu, kuiacha nje ni kuiondoa sababu hiyo bila ya kuijua.

Jambo la kwanza, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, ni kutokiosha kipuri kabla ya kukichunguza. Mafundi wengi huanza kwa kulimimina debe zima katika beseni la mafuta ya taa, na kwa tendo hilo moja hufuta dalili zote ambazo zingaliwapa jibu. Kinuse kwanza. Mafuta ya giaboksi na ya difu yana harufu kali ya kiberiti isiyopotea upesi hata kipuri kikikaa kabatini muda mrefu, na harufu hiyo huwezi kuichanganya na ya oili nyeusi ya injini. Kisha kitazame mwangani. Bodi ya Land Rover hii ni ya alumini, ilhali chasisi na boliti ni za chuma; madini hayo mawili yakigusana penye unyevu, sembuse penye hewa ya chumvi kama ya pwani yetu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Kwa hiyo boliti yenye unga mweupe shingoni aghalabu ilikuwa imeshika bodi, na yenye kutu nyekundu tupu yaelekea ilishika chuma kwa chuma. Ukijani wa shaba hukupeleka kwenye umeme, kwenye kabureta au kwenye mabomba ya breki. Tazama pia mahali palipong'aa, kwa kuwa mng'ao upande mmoja tu ni alama ya kitu kilichokuwa kikisuguana na mwenzake upande huo, na alama hiyo hukuonyesha namna kipuri kilivyokaa.

Baada ya hapo huja hesi, na hapa sharti uwe na kipimo cha hesi, kile chenye meno kama kitana, pamoja na rula nzuri ya kubana. Land Rover za miaka ile zilichanganya hesi za Kiingereza za kale, ziitwazo BSF, na hesi mpya za UNF, na skrubu ndogo za umeme zilikuwa za namna ya tatu, BA. Boliti ya inchi 5/16 ya BSF ina meno 22 katika kila inchi, ya UNF ina 24; na ile ya inchi 3/8 ina 20 kwa BSF na 24 kwa UNF. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho lakini ni kubwa kwa nati, kwani nati ya namna moja ikilazimishwa juu ya boliti ya namna nyingine huingia mizunguko miwili ikang'ang'ania, na fundi mwenye haraka huikaza kwa nguvu hadi hesi zote mbili zikaharibika. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, basi boliti ya M8 ya gari la Kijapani hufanana nayo mno mkononi. Ukikuta ya M8 katika debe, yumkini ni mgeni aliyeletwa na matengenezo ya baadaye, na hupaswi kuitafutia nyumba.

Nyaya ni rahisi zaidi. Rangi za Lucas, kampuni ya vifaa vya umeme vya magari, zina kanuni: kahawia ni umeme utokao kwenye betri, nyeupe ni wa swichi ya kuwashia gari, kijani ni wa vyombo vilivyopita kwenye fyuzi baada ya swichi hiyo, nyekundu ni wa taa ndogo, buluu ni wa taa kubwa, nyeusi ni athi.

Katika debe langu mlikuwa na washa nene yenye ulimi ndani ya tundu lake. Washa ya namna hiyo hukaa kwenye ncha ya ekseli yenye mfuo, nyuma ya nati ya beringi za gurudumu, na ulimi ule huingia katika mfuo ili mzunguko wa beringi usiifikie nati na kuilegeza. Mlikuwa pia na shimu nyembamba kama karatasi, ambazo kazi yake ni kuipa kingpini ya gurudumu la mbele mkazo wake. Zikipungua au zikizidi, usukani huwa mzito au hutetemeka barabarani. Gololi moja na springi yake fupi nilimpelekea mzee mmoja fundi wa giaboksi, akazigeuza kiganjani kwa muda, akasema, “Hii, mwanangu, ndiyo inayoishika gia isichomoke.” Na springi ndefu nyembamba ilikuwa ya fimbo yenye kirungu cha manjano, ibonyezwayo ili magurudumu ya mbele yasaidie kuvuta.

Pale dalili zote zinapokwisha, upande wa pili wa gari husaidia kuliko kitabu, maana vitu vingi vya magurudumu, milango na breki viko viwili viwili. Acha upande mmoja haujaguswa mpaka wa pili ukamilike. Kitabu cha vipuri chenye michoro ya vitu vilivyotawanywa kwa mpangilio nacho ni cha lazima, lakini hesabu idadi iliyoandikwa kando ya kila namba, usitosheke na sura ya kipuri.

Vichache vimebaki bila jina hadi leo, nami nimevifunga katika mifuko yenye maandishi ya mahali vilipookotwa, harufu yake na hesi yake. Unaweza kuliendesha gari hali pini ya mlango haijulikani ilikotoka. Lakini ikiwa kilichobaki kina dalili yoyote ya breki, usukani au beringi za magurudumu, nakusihi, ndugu msomaji, usilitoe gari uani mpaka umejua mahali pake.