Mwaka 1940: Almasi ya Mwadui na Farasi wa Mfalme

Mtu akitaka kujifunza habari za nchi, si lazima aanze na zamani za kale na kuzifuata hata leo. Aweza kuutwaa mwaka mmoja tu na kuuangalia vizuri, kama mkulima aangaliavyo mbegu kiganjani kabla ya kuipanda. Basi mwezi huu tuutwae mwaka 1940, nasi tuutazame mahali pawili: huku kwetu Shinyanga, na kule Denmark, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, ambayo kanisa lake ni la Kilutheri tangu mwaka 1536.

Mwaka ule alikuwako Usukuma Mkanada mmoja, jina lake John Williamson, mjuzi wa mawe na miamba. Alikuwa ametafuta almasi kwa miaka kadhaa, fedha zimemwishia, na homa ya malaria imemdhoofisha. Almasi chache zilikwisha kuonekana zamani kidogo huko Mabuki, kusini ya Mwanza, lakini hapakupatikana chimbuko kubwa. Mwezi wa Machi 1940 akaliona, mahali paitwapo Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Chimbuko lenyewe ni shimo la volkano ya kale, lililojaa mwamba uitwao kimbalaiti, ambao ulipanda kutoka chini sana ya nchi pamoja na almasi zake. Upana wake juu ya ardhi ni kama hekta 146, nalo ni mojawapo la makubwa kabisa duniani.

Watu husimulia ya kuwa gari lake lilikwama katika matope, naye akakaa chini ya mbuyu kupumzika. Mara akaona jiwe linang'aa miguuni pake. Ni hadithi tamu, nami mwenyewe nimeisikia kwa namna tatu zisizopatana. Walakini kazi ya mtafuta madini haiendi hivyo. Huifuata changarawe yenye dalili, huchimba vishimo, huosha udongo na kuuchekecha, siku baada ya siku, hata dalili zizidi. Nao waliochimba na kuchekecha walikuwa vijana wa Kisukuma, ambao hadithi ya mbuyu haiwataji kamwe. Hapo ndipo ubaya wa hadithi hiyo: yaonyesha bahati ya mtu mmoja, na kuificha mikono ya wengi.

Mwezi uliofuata, tarehe 9 Aprili 1940, alfajiri, majeshi ya Wajerumani yaliingia Denmark. Nchi ile ni tambarare, haina milima ya kujifichia, na jeshi lake lilikuwa dogo. Kwa saa chache tu mambo yalikwisha. Mfalme Christian wa Kumi na mawaziri wake wakakubali kuacha vita. Je, walifanya vema? Wadenmark wenyewe wamebishana juu ya neno hilo hata baada ya wazee wa siku zile kufa. Jirani zao wa Norway, walioshambuliwa siku ile ile, walipigana muda wa miezi miwili.

Mfalme hakukimbia. Alikuwa mzee wa karibu miaka 70, na asubuhi alipanda farasi wake akapita katika njia za Copenhagen, bila askari wa kumlinda, raia wakimsalimu. Hayo ni kweli. Baadaye ikatokea hadithi ya kwamba Wajerumani walipowaamuru Wayahudi wavae nyota ya kitambaa cha manjano, mfalme naye aliivaa. Haya si kweli. Amri hiyo haikutolewa Denmark hata kidogo. Lililo kweli ni kubwa kuliko hadithi: mwezi wa Oktoba 1943 wavuvi, waganga, wachungaji na watu wengine wengi waliwavusha Wayahudi kama 7,000 kwa mashua mpaka Sweden. Mfalme mmoja na nyota yake, Mkanada mmoja na mbuyu wake: tazama jinsi masimulizi yapendavyo kumweka mtu mmoja mahali pa wengi.

Vita hiyo iligusa hata makanisa yetu. Wamisionari wa Kijerumani waliokuwa Tanganyika waliondolewa katika kazi zao na kutiwa kizuizini, na Walutheri wa Marekani, wa sinodi ya Augustana, wakasaidia kuangalia misheni zilizobaki yatima. Lakini mzigo wa kila siku, yaani kuhubiri, kufundisha na kuzika, uliwaangukia wachungaji na walimu Waafrika.

Turudi Mwadui. Vita ilihitaji almasi, wala si za mapambo tu, bali zile ngumu za kukatia vyuma katika viwanda. Geita nako, mgodi wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 1936 ulikuwa ukifanya kazi. Lakini mwenye shamba hakuwa na haki juu ya kilichokuwa chini ya jembe lake, kwa maana sheria ya siku zile iliyahesabu madini kuwa mali ya Serikali. Mtu aliyelima mtama juu ya almasi alibaki na mtama.

Mwaka 1947 likapatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi, lenye uzito wa karati 54 na nusu. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi yake. Lilipokwisha kuchongwa lilibaki karati 23 na kitu, likatiwa katika kipambo cha mfano wa ua. Williamson alikufa mwaka 1958, naye hakuwa ameoa. Mwaka ule ule ndugu zake wakauza mgodi, nusu kwa Serikali ya Tanganyika, na nusu kwa kampuni ya De Beers.