Wino Usimwagike, Wino Usikauke

Wale waliosoma zamani wanakumbuka mashine ya sitensili, iliyozungushwa kwa mkono mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku hizi karatasi zetu huchapwa na printa ya wino, kisanduku kidogo kikaacho juu ya meza. Watu wengi huitumia, hapa shuleni na katika vyumba vya fotokopi vya Buyenzi na Bwiza, lakini wachache wajua namna inavyokunywa wino na namna inavyojisafisha. Mimi nilijifunza mambo haya kwa kuharibu. Nataka wenzangu wajifunze bila kuharibu.

Kosa letu la kwanza

Darasa letu lilichanga fedha za kuchapa karatasi za marudio kwa ajili ya mtihani wa Serikali. Katriji za printa ni ghali, basi wanne wetu tukanunua wino wa chupa na mirija myembamba ya mpira, tukaunganisha chupa na katriji. Chupa tukaziweka juu ya kabati, tukidhani wino utateremka vizuri kama maji ya tangi lililo juu ya paa. Kulipokucha tulikuta chupa zimepungua nusu, meza imelowa, na karatasi zote zilizokuwa zimekwisha kuchapwa zimekuwa za buluu. Fedha za wenzetu zilikuwa zimepotea usiku mmoja.

Mwalimu wetu wa fizikia hakutukemea. Alituuliza neno moja tu: "Chupa zilikuwa juu ya kichwa cha kuchapia, au chini yake?" Hapo ndipo somo lilipoanza.

Tone la wino

Upande wa chini wa kichwa cha kuchapia mna matundu mengi sana. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Tundu la wino aghalabu halifiki hata nusu yake. Tone hutolewa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya joto: kipande kidogo nyuma ya tundu hupata moto kwa muda wa mikrosekunde chache, wino unaokigusa hugeuka mvuke, na kiputo cha mvuke husukuma tone nje. Njia hiyo ilianza kwa Canon wa Japani mwaka 1977, na Hewlett-Packard wa Marekani waliifuata kwa njia yao wenyewe, wakauza printa yao ya ThinkJet mwaka 1984. Njia ya pili ni ya kristali inayojikunja ipatapo umeme na kuukamua wino. Nguvu ya umeme iliyomo katika kristali za namna hiyo ilionyeshwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Epson hutumia njia hii.

Tone moja ni pikolita chache tu. Mililita moja ina pikolita milioni elfu. Basi tone likiwa la pikolita 4, mililita moja ya wino hutoa matone milioni 250.

Kwa nini wino haumwagiki?

Matundu yale hayana mlango. Yako wazi usiku na mchana. Ni nini basi kinachouzuia wino? Ni mambo mawili. Kwanza, uso wa wino ndani ya tundu hujikaza kama ngozi, kama vile maji yanavyovimba juu ya ukingo wa bilauri bila kumwagika. Pili, nyuma ya tundu pana mvuto mdogo unaourudisha wino ndani. Katika katriji mvuto huo hutoka kwa sponji: hunywa wino na kuushika.

Mwenye kutumia chupa hupata mvuto huo kwa kimo. Kila sentimita moja ambayo uso wa wino wa chupa uko chini ya matundu huleta mvuto wa paskali 100 hivi. Ukiuweka sentimita 5 chini, unapata paskali 500. Ni kidogo sana, maana hewa ya hapa Bujumbura hutukandamiza kwa paskali zaidi ya 90,000, lakini chatosha. Ukiweka chupa juu ya matundu, mvuto hugeuka kuwa msukumo, na wino humwagika kama wetu. Ukiiweka chini mno, matundu huvuta hewa, na printa huchapa karatasi tupu.

Lakini wino ukitumika, uso wake hushuka, na kimo hubadilika. Kwa hiyo tangi pana na fupi lafaa kuliko chupa ndefu na nyembamba. Yako maarifa mengine tena, ambayo kila mfugaji wa kuku ayajua: chupa iliyopinduliwa katika sahani ya maji. Maji ya sahani hayazidi wala hayapungui, kwa sababu hewa huingia chupani pale tu maji yanaposhuka. Tangi la wino lililozibwa juu, lenye tundu la hewa karibu na chini, hufanya kazi vivyo hivyo.

Tena, jihadhari na hewa katika mirija. Wino haukubali kubanwa, bali hewa hubanwa. Kiputo kikikaa nyuma ya tundu humeza ule msukumo, na tone halitoki. Maungio yote na yakazwe sana.

Tusijione wajinga peke yetu. Huko Indonesia watu walifunga chupa kwa mikono yao, mpaka mwaka 2010 Epson wakaanza kuuza huko printa zenye matangi yaliyotengenezwa kiwandani.

Kosa letu la pili

Tulishusha chupa, tukapima kwa rula, na printa ikachapa vizuri. Lakini likizo ilipofika nilizima umeme ukutani wakati kichwa kingali katikati ya safari yake. Tuliporudi kiangazi kimekausha matundu, na kila mstari ulikuwa na mapengo meupe.

Printa ina vyombo vitatu vya kujitunza. Kipo kifuniko cha mpira, ambacho huziba matundu kichwa kinaporudi pembeni, wino usikauke. Ipo pampu, ambayo hufyonza wino kupitia kifuniko hicho na kutoa uchafu na hewa. Na kipo kifutio cha mpira, ambacho hupangusa uso wa matundu. Mwisho kichwa hutema matone machache, ili rangi zilizochanganyika zitoke. Wino unaofyonzwa huingia katika kitambaa kinene chini ya printa. Kitambaa kina kipimo. Printa huhesabu, na kikijaa hukataa kazi. Kwa hiyo usisafishe mara kumi mfululizo. Safisha mara mbili, ngoja saa kadhaa, ujaribu tena. Sisi tulingoja mpaka kesho yake, na mapengo yakatoweka.

Shika haya: zima printa kwa kitufe chake mwenyewe, ngoja kichwa kirudi nyumbani, ndipo uzime ukutani. Umeme ukikatika kazini, ukirudi tu iwashe printa, hata kama huna la kuchapa. Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila juma. Wala usichanganye wino wa aina mbili, maana huenda ukaganda.

Darasa lilichanga mara ya pili, na karatasi za marudio zilitoka siku chache kabla ya mtihani. Wenzetu walitusamehe, lakini sikusahau. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika printa, ufa ni tundu dogo kuliko unywele.

Maswali

1. Uso wa wino uko sentimita 8 chini ya matundu. Mvuto ni paskali ngapi?
2. Tone ni pikolita 5. Mililita 2 zatoa matone mangapi?
3. Kwa nini kichwa hutema matone baada ya kupanguswa?