Nyoka wa Mbegu na Bei Inayoteremka: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kununua

Katika masomo yaliyotangulia tulishughulika na bidhaa zinazochakaa. Somo hili linahusu bidhaa inayozaa. Mlaji akinunua jokofu, jokofu hilo halitazaa majokofu mengine yatakayokuja kushindana nalo sokoni. Lakini akinunua mnyama wa mbegu kwa matumaini ya kuuza makinda yake, amenunua pia, bila kuambiwa, chanzo cha kushuka kwa bei ya mnyama huyohuyo. Tumechagua mfano wa nyoka wanaofugwa majumbani huko Marekani na Ulaya kwa sababu mwenendo wa bei zao ni somo lililo wazi. Aidha, wapo ndugu zetu wengi wanaoishi katika nchi hizo, ambako ufugaji huo kwa kiasi kikubwa ni halali, na tangazo la simu halijui mipaka.

Nyoka mwenyewe ni wa Afrika. Ni chatu mdogo, ambaye wataalamu humwita Python regius, anayepatikana kuanzia Senegal hadi kaskazini magharibi mwa Uganda. Ni mpole, mara chache hupita urefu wa mita moja na nusu, na akiogopa hujikunja na kuficha kichwa katikati kama mpira. Tangu miaka ya 1970, nchi za Togo, Benin na Ghana zimesafirisha mamilioni ya chatu hawa kwenda ng'ambo kwa ajili ya kufugwa. Rangi yake ya asili ni kahawia na nyeusi, na kwa rangi hiyo hakuwahi kuwa mnyama wa bei kubwa.

Bei ilipanda kwa sababu ya rangi adimu. Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alifaulu kutotoa makinda wenye ualbino, weupe wenye mabaka ya manjano, na kuthibitisha kwamba rangi hiyo hurithiwa. Makinda wa namna hiyo waliuzwa kwa maelfu ya dola kila mmoja. Zikafuata rangi nyingine, mojawapo ikiwa ile ya mabaka meupe kama ya ng'ombe, na wafugaji wakagundua kwamba rangi mbili zikichanganywa huzaa ya tatu. Leo kinda mwenye ualbino hupatikana kwa mamia machache ya dola, na mara nyingi kwa chini ya hapo. Mnyama ni yuleyule na uzuri wake haujapungua. Kilichopungua ni uadimu.

Tueleze jinsi uadimu unavyopungua, maana hapo ndipo penye somo. Jike hukomaa akiwa na umri wa takriban miaka 3. Hutaga mayai machache, kwa kawaida 6 hivi, nayo huanguliwa baada ya siku 55 hadi 60. Kwa rangi nyingi, mzazi mmoja mwenye jeni hiyo huirithisha kwa wastani nusu ya makinda. Makinda hao wakikomaa nao hutaga, na wazazi wao bado wanaendelea kutaga, kwa kuwa chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vizuri. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, jike mmoja mwenye umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka 60 alitaga mwaka 2020, ilhali hakuwa amekaa na dume kwa miaka mingi. Ni kisa cha pekee, lakini kinatukumbusha kwamba katika soko hili bidhaa ya zamani haiondoki haraka ili kuipisha mpya.

Sasa tujiulize wanunuzi ni nani. Mtoto anayetaka nyoka wa kutunza chumbani haulizi jeni. Anataka mnyama mzima wa afya, anayekula vizuri, kwa bei ambayo mzazi wake ataikubali. Anayelipa dola 1,000 kwa rangi mpya, kwa kawaida, ni mfugaji mwingine anayetarajia kuuza makinda kwa mfugaji wa tatu. Bei hiyo haisimami juu ya mahitaji ya mtumiaji wa mwisho. Inasimama juu ya matumaini kwamba wafugaji wapya watazidi kuingia, na siku wakipungua haina pa kuegemea.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni zetu, za kufundishia. Mlaji ananunua jike kinda wa rangi adimu kwa dola 1,000 na dume wa kawaida kwa dola 50. Chakula chao ni panya waliogandishwa; tuseme milo 40 kwa mwaka kwa dola 3 kila mlo, yaani dola 120 kwa kila nyoka, au dola 720 kwa wote wawili kwa miaka 3. Masanduku, vyombo vya joto na mashine ya kutotolesha vinagharimu dola 500. Kabla ya yai la kwanza, mlaji amekwisha kutumia dola 2,270.

Muuzaji atamwonyesha hesabu hii: mayai 6, makinda 3 wa rangi adimu kwa dola 1,000 kila mmoja, na 3 wa kawaida kwa dola 50. Jumla dola 3,150. Fedha yote imerudi kwa uzao mmoja, na miaka inayofuata ni faida tupu! Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha. Kosa lake ni kutumia bei ya leo kuuzia makinda watakaoanguliwa baada ya miaka 3.

Tuchukulie kwamba bei ya rangi hiyo inashuka kwa theluthi moja kila mwaka. Mwaka wa tatu kinda mmoja ni dola 296, wa nne dola 198, wa tano dola 132. Uzao wa kwanza unaleta dola 1,038 badala ya 3,150. Tukiondoa chakula cha wazazi katika miaka inayofuata, uzao wa pili unabakiza dola 504 na wa tatu dola 306. Baada ya miaka 5 mlaji amerudishiwa dola 1,848, na bado anajidai 422. Hata mwaka wa saba hajafika, na wakati huo bei ya rangi yake imekaribia ile ya nyoka wa kawaida. Wala hatujahesabu umeme, daktari wa mifugo, meza ya maonyesho, makinda wanaokufa, wala mwaka ambao jike hakutaga.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda Marekani kupata ushahidi. Nchini Kenya, mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, mayai ya kware yalisifiwa kuwa tiba ya maradhi mengi, na yai moja likafika hadi shilingi 100 za nchi hiyo. Watu waliomba vibali, wakajenga vibanda, wakanunua ndege wa mbegu kwa bei ya juu. Kware huanza kutaga akiwa na wiki chache tu, hivyo kilichowachukua wafugaji wa chatu miaka mingi kwa kware kilichukua miezi. Bei ilianguka, na wengi wakabaki na vibanda vya ndege wasiotakiwa. Waliofaidi ni wale waliouza mbegu mapema.

Je, bei ya nyoka itapanda tena? Kwa maoni yetu, asitegemee hivyo mtu anayeweka akiba yake. Wakati wa janga la UVIKO-19 wengi walikaa nyumbani na mahitaji ya wanyama wa kufugwa yaliongezeka. Waliozalisha kwa kutazama mahitaji hayo walileta makinda sokoni wakati watu wamerudi kazini na gharama za maisha zimepanda. Mfugaji anayeacha kazi huuza kundi zima kwa mara moja, na hivyo huongeza wingi uleule uliomshinda. Rangi mpya kabisa zitaendelea kuuzwa ghali kwa misimu michache, lakini faida hiyo huwaendea walio nazo kwanza, na mnunuzi wa kawaida si mmoja wao.

Sheria nayo hubadilika. Serikali ya Marekani iliweka aina kadhaa za chatu wakubwa na anakonda katika orodha ya wanyama waharibifu mwaka 2012, ikaongeza nyingine mwaka 2015. Na mwaka 2021 jimbo la Florida lilipiga marufuku ufugaji wa kibiashara wa baadhi ya nyoka na mijusi wakubwa. Chatu mdogo tunayemzungumzia hakuguswa na orodha hizo. Hata hivyo, wafugaji wa aina zilizoguswa waliona wanunuzi wakipungua kwa uamuzi ambao hawakuwa na uwezo juu yake.

Kwa anayetaka nyoka mmoja wa kumtunza tu, na anaishi mahali panaporuhusiwa, kushuka kwa bei ni neema. Anunue mnyama aliyezaliwa kwa mfugaji, si aliyekamatwa porini. Aombe kumwona akila, na aepuke rangi ile inayofahamika kuambatana na kutikisika kichwa, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa pamoja na rangi. Akumbuke pia kwamba daktari akimwona mnyama mara moja anaweza kudai kuliko bei aliyonunuliwa.

Kwa anayeahidiwa kwamba muuzaji atanunua makinda yote, tunashauri adai ahadi hiyo kwa maandishi, yenye bei na tarehe, kisha aulize muuzaji atamwuzia nani. Jibu likiwa ni wanachama wapya, asilipe.

Hapa Tanzania, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa, na mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Anayekuahidi soko la ng'ambo kwa chatu watakaokusanywa kijijini anakuingiza katika kesi. Na kwa ndugu aliyeko ughaibuni anayetaka kurudi nyumbani na nyoka wake: chatu wote wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ujulikanao kwa kifupi CITES. Hati ya nchi anayotoka, kibali cha mamlaka za wanyamapori huku na cheti cha afya ya mnyama vipatikane kabla ya kukata tiketi.